Wikendi ya wawili mjini: jinsi ya kula mtaani na kwenye migahawa midogo bila kugombana wala kuharisha

Maswali ni yale yale kila mara. Mtu anataka kumtoa mwenza wake wikendi moja, waende mji fulani wazunguke wale vya mtaani, afu anauliza tuanzie wapi, tubebe hela kiasi gani, kibanda kisafi ntakijuaje, na mwenzangu anaogopa vya barabarani sasa nifanyeje. Naandika yote hapa, akiuliza mwingine namtumia hii.

Kitu kimoja kielewe kabla hatujafika mbali. Kwenye safari ya aina hii kinachoisha kwanza sio hela wala muda, ni nafasi tumboni. Mna matumbo mawili na siku mbili na kidogo, basi. Karibu kila kosa ntakalolitaja huku chini ukilichimba unakuta ni mtu kajaza tumbo mapema kwa kitu cha hovyo, au kaliacha tupu mpaka hasira zikapanda na ugomvi ukaanza juu ya kitu ambacho kesho hakuna hata anayekikumbuka.

VYA KUWA NAVYO KABLA YA KUTOKA

- Hela taslimu, noti ndogo na sarafu. Muuzaji wa kibandani ukimpa noti kubwa asubuhi unamtesa tu, chenji anaitoa wapi.
- Kadi mbili, kila mtu na yake mfukoni mwake. Zikikaa pochi moja na pochi ikapotea mmekwisha wote.
- Ramani ya mji iliyopakuliwa kwenye simu, iwe inafunguka bila intaneti.
- Pawabenki. Picha za chakula zinamaliza chaji kuliko unavyodhani.
- Tishu na kachupa ka sabuni ya maji. Sanitaiza beba pia lakini usiitegemee sana, manake norovirus, kirusi kinachoongoza kwa kutapisha watu, hakifi vizuri kwa spiriti. Maji na sabuni ndo mpango mzima.
- Pakiti mbili tatu za ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji mtu akiharisha), pamoja na dawa zenu za kawaida.
- Viatu vilivyoshazoea miguu yenu. Viatu vipya acheni nyumbani, sitanii.
- Vijiko viwili na kakontena kenye mfuniko. Utanishukuru.

Kama mnavuka mpaka kwenda nchi ambayo maji na vyoo ni shida, ulizeni kliniki kuhusu chanjo ya taifodi na ya homa ya ini A, na ulizeni mapema, angalau wiki mbili kabla, sio mnadunga Alhamisi mnapanda gari Ijumaa.

HATUA YA 1: Ongeeni kuhusu matumbo yenu

Watu wameishi pamoja miaka na hawajui mwenzake hali nini. Kaeni mkiwa mmeshiba, kila mtu aseme vitu vitatu: asichokula kabisa, asichokipenda ila anaweza kuonja, na kinachomdhuru. Hicho cha tatu ndo cha maana. Mzio wa karanga, maziwa, mayai, samaki, kamba na jamii yake, ngano, soya, ufuta, hivi vinajificha kwenye sosi na kwenye mafuta ya kukaangia, kibanda kinaweza kisiwe na karanga kwenye menyu ila sufuria la mafuta ni hilo hilo limekaanga kila kitu tangu asubuhi.

Afu kuna jambo ambalo wapenzi wengi hawalijui. Kama mmoja ana mzio mkali wa karanga na mwingine kazila, busu tu linaweza kumpeleka hospitali. Chembechembe zinabaki kwenye mate kwa masaa, na kupiga mswaki peke yake sio uhakika. Kwa hiyo mzio wa mmoja ni mzio wa wote wawili wikendi nzima, hamna mjadala. Na kama ana sindano yake ya dharura anatembea nayo kila anapokwenda, haikai hotelini.

Mkienda mahali lugha ni nyingine, andikeni mzio huo kwenye karatasi kwa lugha ya huko, herufi kubwa, msomeshe muuzaji. Usitegemee kuonyesha kwa mikono.

HATUA YA 2: Chagua mtaa, mgahawa baadaye

Wageni wa mambo haya wanafanya kinyume. Wanaingia mtandaoni wanakusanya majina ya sehemu ishirini zilizosambaa mji mzima, matokeo yake nusu ya wikendi iko kwenye foleni ya magari. Wewe tafuta mtaa ambao vyakula vimejazana, soko la usiku, eneo la chuo, nyuma ya stendi kubwa, mtaa wa wahamiaji fulani, popote wenyeji wanapokula wakitoka kazini. Mitaa miwili inatosha kabisa, mmoja Jumamosi, mmoja Jumapili.

Malazi mtafute pa kutembea kwa miguu dakika kumi au kumi na tano kutoka huo mtaa wa usiku. Sio juu yake, mtasikia masufuria mpaka saa nane za usiku na harufu ya mafuta itaingia mpaka kwenye mto. Lakini sio mbali pia, manake sababu ya kuwa karibu ni kwamba mchana mtarudi kulala kidogo, na hilo la kulala mchana msilikate hata mkiona ni kupoteza muda. Ndo linalowapa tumbo la pili.

Orodha za wataalamu zipo na zinasaidia kiasi. Michelin kwa mfano, wale wa kitabu cha kupima migahawa kwa nyota, tangu 1997 wana alama ya Bib Gourmand, ni ya sehemu zenye chakula kizuri kwa bei ya kawaida, na mwaka 2016 vibanda viwili vya Singapore vilipata nyota kabisa. Ila sehemu ikishapata sifa hivo foleni nayo inakuwa ya kutisha. Mimi ningechukua jina moja tu kutoka kwenye orodha, mengine yote niyaache kwa macho na pua.

HATUA YA 3: Weka miadi michache, angalia masaa

Ratiba ya kila nusu saa ni ya mkutano wa kazini. Nyie mnahitaji vitu vitatu tu vilivyofungwa: mlo wa kwanza mkifika Ijumaa, sehemu moja ya kukaa vizuri Jumamosi usiku (hii ndo pekee ya kupigia simu kuweka nafasi), na chai ya Jumapili asubuhi. Katikati hapo acheni wazi.

Sasa angalia masaa, na angalia vizuri. Masoko ya asubuhi mengi yanakuwa yameisha kabla ya saa sita mchana, mtu akiamka saa nne, akaoga taratibu, anakuta wanafagia. Vya usiku havianzi mpaka jua lizame. Migahawa midogo mingi inafunga siku moja kwa wiki, mara nyingi Jumapili jioni au Jumatatu. Na jikoni kunafungwa kabla ya mlango, kwa hiyo imeandikwa "hadi saa nne usiku" wewe ukafika saa nne kasorobo unauziwa soda. Kila mji na saa zake pia, Hispania kabla ya saa tatu usiku unaweza kukaa mgahawani peke yenu mkidhani mmekosea mlango.

HATUA YA 4: Hela iwe ya pamoja

Toeni kiasi sawa, au mnavyokubaliana, wekeni kwenye bahasha moja au pochi moja, kila kinacholiwa kinatoka humo. Kulipishana kwa zamu kila kibanda kunachosha na kuna mtu atakuwa anahesabu kimoyomoyo. Gawa bahasha kwa siku, na sehemu kubwa iende Jumamosi.

Mkiwa nchi nyingine mashine ya kadi inaweza kukuuliza ulipe kwa pesa ya kwenu au pesa ya pale. Chagua ya pale kila mara. Ukichagua ya kwenu anayebadilisha ni mwenye mashine na bei ya kubadilishia kajipangia mwenyewe.

HATUA YA 5: Zunguka kwanza, nunua baadaye

Hii ndo hatua inayorukwa na ndo yenye faida kuliko zote. Mkifika mtaani msinunue kitu. Tembeeni mwanzo mpaka mwisho, mrudi, kila mtu akariri vibanda viwili vilivyomvutia. Kibanda cha kwanza mlangoni kinauza kwa sababu kiko mlangoni, na ukishakula sahani nzima pale umeshatumia robo ya tumbo la jioni nzima. Kama njaa inauma sana nunueni kitu kidogo cha kutafuna huku mnatembea, kidogo kweli.

Wakati mnazunguka angalia haya:

Foleni. Sio urefu tu, angalia inavyosogea na nani kasimama. Foleni inayokwenda haraka yenye watu wa rika zote, wenye sare za kazi, wenye watoto, maana yake chakula kinapikwa kinaisha, hakuna kinachokaa. Foleni ya wapiga picha watupu ni kitu kingine.

Joto. Bakteria wanazaana haraka kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi, kwa hiyo cha moto kiwe cha moto kweli na cha baridi kiwe cha baridi kweli. Thamometa hutabeba najua, ila mvuke unauona na mafuta yanayochemka unayasikia. Kilichopikwa kikakaa hewani zaidi ya masaa mawili kiache, hata kinukie vipi. Wali nao sio mpole kama unavyoonekana, kuna bakteria mbegu zake zinavumilia kuchemshwa, zikiachwa kwenye uvuguvugu zinaamka, na sumu wanayoitoa haiondoki kwa kupashwa moto.

Mikono. Anayepokea hela awe sio anayeshika chakula, au basi awe na koleo, kijiko, kitu. Angalia na vyombo vinaoshwaje, beseni moja la maji yaliyogeuka rangi tangu jioni ndo linakuharibia wikendi, kuliko hata nyama yenyewe. Hapo dai chombo cha kutupa au toa kontena lako.

Vibichi. Kachumbari, majani, sosi iliyokaa mezani kwenye chupa ya wazi, matunda yaliyokwishamenywa, barafu. Hivi ndo vinaumiza watu wakati wao wanalaumu nyama choma, na nyama ya watu ilikuwa imeiva vizuri tu. Barafu haiui vijidudu, kama maji yake hunywi basi na barafu yake usinywe. Tunda menya mwenyewe.

Miji mingine inakurahisishia. New York tangu 2010 migahawa inabandika mlangoni herufi ya usafi, A, B au C, na Uingereza kuna alama za 0 mpaka 5. Kama mji mnaokwenda una kitu kama hicho jifunze kukisoma kabla hamjaondoka.

HATUA YA 6: Sahani moja, watu wawili

Sheria ni moja: kila kibanda mnaagiza sahani moja. Sio kila mtu yake. Mkiipenda mnaweza kuongeza, ila mara nyingi hamtaongeza kwa sababu pembeni kuna kingine kinawaita. Kwa mtindo huu jioni moja mnaonja vitu vitano sita badala ya viwili, na kama kimoja kibaya mmepoteza vijiko vichache tu.

Kuchagua ni kwa zamu. Mmoja anachagua kibanda, mwingine anaonja, na anayeonja ana ruhusa ya kusema hiki hapana bila kuhojiwa. Mwenza anayeogopa vya mtaani usimlazimishe kwa maneno, mwanzishe na kitu anachokiona kikitoka kwenye moto mbele yake. Mkate uliochomwa, hindi, mshikaki. Ukimwanzishia na utumbo usiku wa kwanza basi wikendi nzima atakula chipsi.

Mpangilio nao una maana. Anzeni na vyepesi na vya mchuzi, vya kukaanga na vya unga mzito viende mwisho, soda na bia ziwe chache kwa sababu zinajaza tumbo upepo. Tumbo linachelewa kama dakika 20 kuujulisha ubongo kwamba limeshiba, kwa hiyo baada ya vibanda viwili tembeeni kidogo ndo muulizane kama bado mna njaa.

Pilipili ikikuzidia usikimbilie maji. Ule ukali unayeyuka kwenye mafuta, kwenye maji hauyeyuki, kwa hiyo maji yanausambaza tu mdomo mzima. Maziwa au mtindi ndo unaupoza.

Kuhusu meza, mmoja asimame foleni mwingine atafute pa kukaa, ila tazama kwanza wenyeji wanafanyaje. Singapore, ambako utamaduni wa vibanda vya pamoja uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2020, pakiti ya tishu juu ya meza maana yake nafasi imeshachukuliwa, ukiihamisha ukakaa unatafuta maneno. Na ukimaliza sinia unalirudisha mwenyewe.

HATUA YA 7: Mgahawa mmoja wa kukaa kwa siku

Kula kwa kusimama siku nzima kunachosha mgongo na kunachosha mapenzi. Kila siku muwe na mlo mmoja wa kukaa, na ukiacha ule wa Jumamosi usiku mimi napendelea mchana, kwa sababu migahawa mingi mchana ina mlo wa bei moja unaotoka jikoni lile lile la usiku, jua ni kali nje, na mnapata choo cha maana.

Menyu fupi ni dalili nzuri. Menyu ya kurasa kumi yenye picha kwa lugha tano, na jamaa mlangoni anawavuta mkono muingie, pita. Mhudumu muulize "leo kinachotoka sana ni nini", usimwulize "kizuri ni nini", atakwambia vyote.

Bili isome kabla ya kulipa, na angalia kama huduma imeshawekwa humo. Marekani mhudumu anategemea asilimia 15 mpaka 20 juu ya bili, Ufaransa huduma iko ndani ya bei tayari, Japani ukiacha hela mezani anaweza kukukimbilia barabarani akurudishie akijua umesahau. Ulizia kabla hujasafiri.

HATUA YA 8: Jumapili punguzeni mwendo

Jumapili asubuhi sokoni, chai, kitu cha moto, mchana mgahawa mmoja, basi. Siku ya kurudi sio siku ya kujaribu samaki mbichi au kitu kilichochachushwa ambacho hujawahi kukila, hasa kama mna masaa sita ya basi lisilo na choo. Na mabaki ya jana usiku yaliyolala chumbani bila friji ni ya kutupa, najua inauma.

MATATIZO YANAYOTOKEA NA CHA KUFANYA

Tumbo limeharibika. ORS kwanza, kidogo kidogo kila baada ya muda mfupi. Hamna pakiti? Maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai, koroga mpaka iyeyuke. Usizidishe chumvi. Dawa za kufunga kuharisha usimeze kama kuna damu au homa, hapo ni hospitali moja kwa moja, vilevile kama mtu anatapika kila anachokunywa au anazimia zimia. Na msikimbilie kulaumu kibanda cha mwisho. Norovirus kwa kawaida inachukua masaa 12 mpaka 48 kujitokeza, kwa hiyo kinachokusumbua Jumapili jioni kinaweza kuwa cha Ijumaa usiku. Mgonjwa akiwa mmoja, mwingine anawe kwa sabuni kila mara, taulo tofauti, na habari za sahani moja watu wawili zinaishia hapo.

Sehemu mliyoifuata imefungwa. Msikae mlangoni mnasoma maoni mtandaoni nusu saa nzima. Muulizeni mtu anayefanya kazi karibu, fundi, dereva, muuza vocha, yeye mchana anakula wapi. Swali liwe hivo hivo, yeye anakula wapi, sio wageni wanakula wapi.

Foleni ni ndefu kupita kiasi. Hesabuni wanahudumiwa watu wangapi ndani ya dakika tano mpige hesabu. Ikizidi dakika 40, mmoja abaki mwingine alete kitu kidogo kutoka kibanda cha jirani, au muondoke mrudi saa za katikati, baada ya mchana kabla ya jioni.

Mvua. Masoko ya ndani, na ile orodha ya migahawa miwili ya akiba ambayo mliiweka kwenye simu. Hamkuiweka? Iwekeni leo.

Mmoja kachoka, mwingine bado ana moto. Aliyechoka apelekwe malazini, mwenye moto atoke nusu saa achukue vya kubeba, warudi kula kitandani wamewasha feni. Huo nao ni usiku mzuri tu, na kwa wengine ndo unakuwa bora kuliko wote.

Mmenuniana. Angalia saa, mmekula mara ya mwisho lini? Kama yamepita masaa manne usijadili chochote, sio hela sio njia mliyopotea sio mama mkwe. Nunua kitu cha karibu kabisa, hata kama sio kizuri, mpe yeye kwanza, maongezi yasubiri mpaka atafune.

Hela ya bahasha imeisha Jumamosi usiku. Ina maana Jumapili mnakula mtaani tu, ule mgahawa wa mchana unafutwa, na usafiri wa kurudi mnaulipa sasa hivi kabla hamjalala.